Daftari la Wafu wa Fromelles

Tarehe 21 Julai 1916 Kanali Julius Ritter von Braun, kamanda wa Kikosi cha 21 cha Akiba cha jeshi la Bavaria, alitia sahihi amri iliyohusu maziko. Maiti za Waingereza zilizolala ndani na nyuma ya mahandaki ya Wajerumani zizikwe katika makaburi ya halaiki upande wa kusini wa kichaka cha Pheasant Wood, nje kidogo ya kijiji cha Fromelles, kaskazini mwa Ufaransa. Mashimo yatoshe watu 400 hivi.

Ilikuwa karatasi ya kazi tu, ya aina inayoandikwa kila siku jeshini, kama maombi ya mikate na mabuti. Ikaingia katika faili, faili likaenda Munich, na huko likalala. Wale aliowaita Waingereza, wengi wao walikuwa Waaustralia, na kwa zaidi ya miaka 90 serikali yao haikujua walipo.

Mapigano yaliyowaua yalidumu usiku mmoja. Kilomita 80 hivi kusini ya hapo, Waingereza walikuwa wamezama katika mapambano makubwa ya mto Somme, na hawakutaka Wajerumani wapate nafasi ya kuhamishia askari huko. Jenerali Richard Haking akaja na shauri la kuwashughulisha hapo Fromelles. Ardhi ya pale ni tambarare kama sinia, na maji yako karibu mno hata handaki halichimbiki likaenda chini. Inabidi mifuko ya udongo ipangwe kwenda juu, na adui aione. Wajerumani walikuwa na ngome iliyotokeza mbele, ambayo Waingereza waliipa jina la Sugar Loaf, na nyuma yao kulikuwa na mwinuko wa Aubers uliowawezesha kuona kila kinachotembea. Haking alikwisha kushindwa katika sehemu hizohizo mwaka mmoja nyuma. Hilo halikumzuia.

Waliopewa kazi ni Divisheni ya 5 ya Australia, iliyokuwa na siku chache tu mstari wa mbele, pamoja na Divisheni ya 61 ya Uingereza. Walitoka mahandakini saa kumi na mbili jioni ya tarehe 19 Julai. Majira ya joto ya Ulaya jua la saa hiyo bado kali, kwa hiyo walivuka uwanja mchana kweupe mbele ya bombomu ambazo mizinga iliyopiga kwa muda wa saa saba haikuwa imezinyamazisha. Upande wa Sugar Loaf walifyekwa kabla hawajafika popote. Upande wa kushoto walifanikiwa kuvuka mstari wa Wajerumani, wakatafuta handaki la pili waliloambiwa liko mbele, wasikute ila mitaro ya maji. Wakakesha humo wakizingirwa, na alfajiri waliosalia wakajaribu kurudi walikotoka.

Hadi asubuhi ya tarehe 20 Australia ilikuwa imepoteza watu 5,533 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kutekwa. Karibu 2,000 kati yao walikuwa wamekufa. Divisheni ya Waingereza ilipoteza 1,547. Hakuna hatua moja ya ardhi iliyopatikana, na taarifa rasmi ya Waingereza ililitaja jambo lote kuwa ni uvamizi kadhaa muhimu, basi.

Kati ya mahandaki ya pande mbili walilala mamia ya majeruhi, wengine wakiita. Ofisa mmoja wa Bavaria alikuwa tayari kusimamisha mapigano kwa muda ili kila upande uchukue watu wake. Jenerali James McCay, mkuu wa Divisheni ya 5, alikataa, kwa kuwa amri za juu zilikataza mapatano yoyote na adui. Basi ikawa ni kwenda gizani, kwa kutambaa, kuwavuta mmoja mmoja, usiku baada ya usiku. Sajenti Simon Fraser wa Batalioni ya 57, mkulima wa makamo kutoka jimbo la Victoria, alikuwa miongoni mwa walioifanya kazi hiyo, na sanamu yake akiwa amembeba majeruhi mabegani imesimama Fromelles tangu 1998. Fraser mwenyewe aliuawa Bullecourt mwaka uliofuata. Hana kaburi. Jina lake limo katika ukuta wa Villers-Bretonneux, pamoja na ya Waaustralia wengine zaidi ya 10,000 waliokufa Ufaransa wasijulikane walipolazwa.

Waliofia upande wa adui walikuwa shauri la adui. Kulikuwa na joto, na kanali hakutaka maradhi. Wabavaria walizipakia maiti katika mabehewa madogo ya reli nyepesi waliyokuwa wakisafirishia risasi na vyakula, wakazifikisha kandokando ya kichaka ambako mashimo manane yalikuwa yameshachimbwa. Kabla ya kuzifukia walikagua mifuko na shingo. Barua, saa, picha za nyumbani na visahani vya majina vilikusanywa, vikaorodheshwa, vikapelekwa Ujerumani, na kutoka huko habari zake zikafika kwa Msalaba Mwekundu mjini Geneva, ili nazo zifikishwe kwa wafiwa. Ulikuwa utaratibu wa vita uliofuatwa kwa uaminifu, na katika uaminifu huo ndimo hasara ilimojificha.

Mwaka 1916 askari wa Uingereza na wa makoloni yake alivaa kisahani kimoja tu cha jina shingoni. Anayemkuta amekufa hukichukua kiwe uthibitisho wa kifo, na mara kikishachukuliwa, maiti haina tena jina. Jina huenda ofisini, mwili hubaki ardhini, na hakuna kamba inayoviunganisha. Jeshi lililiona kosa hilo likiwa limeshachelewa: Septemba 1916, miezi miwili baada ya Fromelles, iliamriwa kila askari awe na visahani viwili, chekundu cha kuchukuliwa na cha kijani cha kuzikwa naye. Maelfu ya makaburi yasiyo na majina katika Ufaransa na Ubelgiji yana asili yake katika kisahani hicho kilichokosekana.

Huko nyumbani wafiwa waliletewa neno moja: hajulikani alipo. Mama wa Ballarat au wa Perth hakujua aomboleze au angoje. Aliyewahangaikia zaidi hao alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, Vera Deakin, binti wa Alfred Deakin aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Australia. Mwaka 1915 alianzisha Cairo ofisi ya Msalaba Mwekundu wa Australia ya kuulizia majeruhi na waliopotea, kisha akaihamishia London. Watu wake waliingia wodini na makambini wakiuliza swali lilelile kwa kila aliyepigana kikosi kimoja na aliyepotea: ulimwona? wapi? alikuwa amesimama au ameanguka? Majibu yaligongana. Mmoja alisema marehemu alikuwa mrefu mwenye nywele nyekundu, mwingine akasema mfupi mweusi wa nywele. Yote yaliandikwa. Ofisi hiyo iliacha mafaili yapatayo 32,000, na mengine ndani yake yana nakala za taarifa za Wajerumani zilizopitia Geneva. Yalihifadhiwa Canberra, na kwa miongo mingi ni wachache waliokuwa na haja ya kuyafungua.

Vita vikaisha. Tarehe 11 Novemba 1918, siku ambayo mizinga ilinyamaza, Charles Bean, aliyekuwa mwandishi wa habari na baadaye mwandishi rasmi wa historia ya vita hivyo kwa Waaustralia, hakwenda kusherehekea. Alikwenda Fromelles. Alitembea katika uwanja ule akakuta mifupa na nguo za kijeshi za watu wake zimetapakaa juu ya nyasi, miaka miwili na zaidi tangu siku waliyoanguka.

Kazi ya kuwakusanya ilifanywa na vikosi vya wafukuaji kuanzia 1919. Ni kazi ambayo vitabu vya vita huipita haraka, na mimi naona ndiyo inayostahili kuelezwa polepole. Uwanja uligawanywa kwa miraba ya yadi 500, na kila kundi likapewa glovu za mpira, sepetu, turubai, kamba na dawa ya kuua vijidudu. Mafundi wake walijifunza kuisoma ardhi. Bunduki iliyochomekwa mdomo chini ni alama. Tundu la panya lenye vipande vya mfupa au vya nguo mlangoni ni alama. Majani yakiwa ya kijani kilichoiva kupita kiasi, yenye kuelekea rangi ya bluu na mapana kuliko ya jirani, pana mtu chini. Maji ya shimo yakigeuka kijivu au kijani cheusi, vilevile. Mwili ukipatikana hupekuliwa shingo, mifuko, viatu, kijiko kilichochomekwa mguuni, maana askari wengi walikwaruza namba zao juu ya kijiko. Septemba 1921 serikali ilitangaza kwamba utafutaji umekwisha, ingawa kila wiki miili ilikuwa bado inaonekana.

Fromelles ilipata makaburi yake, VC Corner, katikati ya uwanja wa mapigano. Wamelala humo Waaustralia 410, na hakuna hata mmoja aliyetambuliwa. Badala ya kusimamisha mawe 410 yasiyo na majina, waliotengeneza makaburi hayo walipanda nyasi na mawaridi, wakajenga ukuta wenye majina ya zaidi ya watu elfu moja waliopotea usiku ule.

Wafukuaji hawakufika kwenye mashimo ya Pheasant Wood. Walikuwa wakitafuta walikoangukia watu, na mashimo yale yalikuwa nyuma ya mstari wa adui. Mfaransa mwenye shamba alirudi kulima, na kadiri msimu ulivyofuata msimu shamba likawa shamba.

Mwalimu mmoja wa Melbourne, Lambis Englezos, mzaliwa wa Ugiriki aliyekwenda Australia akiwa mtoto, alikuwa amewajua na kuwapenda wazee wachache waliosalia wa mapigano yale. Mwaka 2002 alizuru Fromelles, akafanya jambo ambalo hakuna ofisi iliyowahi kulifanya: alihesabu. Alichukua idadi ya waliotajwa kuwa hawajulikani walipo, akatoa idadi ya miili isiyo na majina iliyozikwa makaburini mwote humo, na hesabu haikulingana. Watu wapatao 160 au zaidi walikosekana. Ukutani majina yao yamo; ardhini, mahali panapojulikana, wenyewe hawamo.

Huo ni ugunduzi wa karani. Hakuwa na sepetu wala digrii ya historia. Alipoyarudia mafaili ya Vera Deakin, pamoja na wenzake waliovutwa na jambo hilo, alikuta katika faili la Luteni Jack Bowden wa Batalioni ya 59 taarifa iliyotoka Ujerumani, kwamba huenda amezikwa katika mojawapo ya makaburi makubwa matano ya Waingereza mbele ya Pheasant Wood karibu na Fromelles. Mahali palitajwa kwa jina, na faili lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kutaka kulisoma. Kisha kulikuwa na picha zilizopigwa na ndege za Waingereza mwaka huohuo wa 1916. Katika picha za kabla ya mapigano kando ya kichaka hakuna kitu. Katika zile za baada yake pana mashimo manane, mengine yamefukiwa, mengine yako wazi.

Wakubwa wa jeshi la Australia hawakuridhika upesi. Walihoji, na maswali yao hayakuwa ya kijinga: nani ajuaye kama mashimo yalitumika kweli? Na kama yalitumika, nani ajuaye kama wafukuaji wa miaka ya 1920 hawakuzihamisha maiti zile? Mwaka 2005 liliundwa jopo la kuzipima hoja hizo. Ile amri ya Kanali von Braun, ilipopatikana Munich, ikaweka uzito upande wa mwalimu.

Mwaka 2007 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Glasgow, wakiongozwa na Tony Pollard, walipita juu ya shamba wakiwa na vyombo vya kupima udongo na vya kunusa metali, bila kuchimba. Karibu na juu ya ardhi waliokota medali ndogo ya kheri iliyotolewa na halmashauri ya Alberton, wilaya ya mashambani katika jimbo la Victoria, kwa vijana wake waliokuwa wakienda vitani. Kutoka Alberton hadi Fromelles ni nusu ya dunia. Kitu hicho hakikuwa na njia nyingine ya kufika pale ila shingoni au mfukoni mwa askari. Mwaka uliofuata walichimba kidogo kwa kujaribu. Maiti zilikuwamo.

Ufukuaji wenyewe ulifanywa na Oxford Archaeology kati ya Mei na Septemba 2009, Louise Loe akiongoza wataalamu wa mifupa. Udongo wa pale ni mfinyanzi wenye maji, mzito, na ulikuwa umeihifadhi mifupa pamoja na ngozi ya viatu na vipande vya sufu. Miili 250 ilitolewa, mmoja mmoja. Mpangilio wake ulieleza siku zile za Julai kuliko ripoti yoyote: katika mashimo mengine maiti zilikuwa zimelazwa kwa safu, kwa heshima, na katika mengine zimetupwa ovyo. Wazikaji walianza kwa adabu, joto likazidi, na harufu, wakaimaliza kazi kama walivyoweza.

Vitu vilivyotoka pamoja nao vilikuwa zaidi ya 6,000: vifungo, mikanda, kiko, kalamu, misalaba, vitabu vidogo vya dini. Kimoja kilizungumzwa sana, nacho ni kipande cha tiketi ya gari moshi, kimekunjwa na kufichwa ndani ya kinyago cha kujikinga na gesi. Ilikuwa nusu ya tiketi ya kwenda na kurudi kati ya Perth na Fremantle, bandari walikopandia meli. Ile nusu ya kurudia.

Wengi hudhani kwamba vinasaba hutoa jina, jino likisagwa tu maabara inasema huyu ni fulani. Sivyo. Jino hutoa mfuatano wa herufi, na mfuatano huo hauna maana mpaka uwekwe kando ya wa mtu mwingine ambaye jina lake linajulikana. Vijana wa 1916 wengi walikufa hawajaoa. Hawakuacha watoto, na ndugu zao nao walikwisha kufa. Basi ikabidi kutafutwa watu wa ukoo, kuumeni na kukeni, na kila upande una masharti yake. Alama za kiumeni hupita kwa baba kwenda kwa mwana, kwa hiyo anatakiwa mjukuu wa kaka ya marehemu, au wa ami yake, bila mwanamke katikati. Alama za kikeni hupita kwa mama, kwa hiyo anatakiwa mtoto wa binti ya dada yake, na mnyororo ukikatika kwa mwanamume mahali popote, sampuli haifai kitu. Bibi mmoja aliyeolewa akabadilisha jina mwaka 1925 na kuhamia New Zealand anaweza kuwa ndiye ufunguo pekee.

Kwa hiyo walioitambua mifupa ya Fromelles ni pamoja na wale wasiokwenda kamwe shimoni: watu wa vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya meli, wasomaji wa daftari za makanisa. Kabla yao, ilibidi iwepo orodha ya kuanzia. Mwanahistoria Mwingereza Peter Barton aliipata sehemu yake muhimu Geneva, katika kumbukumbu za Msalaba Mwekundu, ambako taarifa za Wajerumani juu ya maiti walizozizika zilikuwa zimekaa tangu vita. Orodha ndiyo iliyosema nani yaelekea wamo shimoni. Vinasaba vikapambanua yupi ni yupi kati ya hao. Kisha vikaongezwa vipimo vya mifupa: urefu ulilinganishwa na ule ulioandikwa siku kijana alipojiandikisha, umri ukasomwa katika mifupa ya bega, na meno yaliyong'olewa yakatafutwa katika kadi ya daktari wa kambi. Bodi ya serikali mbili, ya Australia na ya Uingereza, ilikaa juu ya kila kesi na kuamua kama ushahidi umetosha.

Maziko yalianza tarehe 30 Januari 2010, kwa heshima za kijeshi, katika makaburi mapya yaliyojengwa jirani, ya kwanza kujengwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola kwa muda wa miaka 50. Hadi mwisho wa Februari 249 walikuwa wamezikwa. Wa mwisho aliachwa hadi tarehe 19 Julai, kumbukumbu ya miaka 94 ya mapigano. Wakati huo 96 walikuwa na majina. Miongoni mwao alikuwa Harry Willis, kijana wa wilaya ya Alberton. Walikuwamo pia Samuel na Eric Wilson, ndugu wa mama mmoja kutoka Port Macquarie, waliokuwa batalioni moja, wakafa usiku mmoja, na sasa wamelala sambamba. Waliokosa jina waliwekewa jiwe lenye maneno ya kwamba Mungu ndiye amjuaye, na sampuli zao zikatunzwa. Tangu hapo, kila baada ya muda, jamaa mpya hupatikana, kesi hufunguliwa, na jiwe hubadilishwa. Waliotambuliwa sasa ni zaidi ya 170.

Yale maneno ya jiwe la asiyejulikana yalichaguliwa na Rudyard Kipling. Mwanawe wa kiume wa pekee, John, alipotea katika mapigano ya Loos Septemba 1915 akiwa na miaka 18, na baba aliyemwombea nafasi jeshini, licha ya macho yake mabovu, alitumia miaka akiwauliza askari wa kikosi chake kama Vera Deakin alivyouliza. Alikufa 1936 hajamwona. Mwaka 1992 Tume ilitangaza kwamba kaburi fulani la luteni asiyejulikana wa Irish Guards ni la John. Wengine wakabisha juu ya cheo na mahali, ubishi ukaendelea kwa miaka. Hakuna jino lililosagwa hapo. Ulikuwa ubishi wa karatasi tupu.

Kipling alikuwa mshauri wa maandishi wa Tume hiyo, na kalamu yake ilifika hadi kwetu. Ukisimama Nairobi mbele ya Sanamu ya Askari iliyowekwa miaka ya 1920, utakuta maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayotajwa kuwa ni yake, ya kuwaahidi waliopigana kwamba hata wakifa watoto wao watayakumbuka majina yao. Zunguka sanamu hiyo mara ngapi upendavyo. Hakuna jina hata moja. Za Mombasa na Dar es Salaam ni hivyohivyo.

Naitaja kwa sababu ni Tume ileile. Ilipoanzishwa kwa hati ya kifalme tarehe 21 Mei 1917, chini ya Fabian Ware, ilijiwekea msingi ambao ulikuwa mzuri kweli: kila aliyekufa atajwe kwa jina, juu ya kaburi lake au juu ya ukuta, na jenerali asipewe jiwe kubwa kuliko kuruta. Sir Frederic Kenyon aliuandika msingi huo mwaka 1918, usibague cheo, rangi wala dini. Wakati huohuo vita vya Afrika Mashariki vilikuwa vinamalizikia. Humo Waingereza walikuwa wamewatumia wapagazi wengi kuliko askari, mamia ya maelfu, maana mbung'o waliua kila mnyama wa mizigo. Takriban wapagazi 95,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, katika njia za kutoka Voi na Taveta hadi Rufiji, Lindi na kuvuka Ruvuma.

Ripoti ambayo Tume yenyewe iliitoa Aprili 2021 inaeleza kilichofuata. Makaburi ya Wazungu yalitunzwa na kuwekewa mawe. Ya Waafrika, katika sehemu nyingi, iliamuliwa yaachwe yarudi kuwa pori. Wakubwa wa makoloni waliulizwa, nao wakajibu kwamba mwenyeji hajali kaburi wala hatalielewa jiwe. Jibu la ajabu kwa watu ambao ibada ya wahenga na ziara ya makaburi ni sehemu ya mwaka wao. Ripoti inakadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wa Afrika na Asia, walikumbukwa kwa namna pungufu, bila majina au kwa pamoja, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakuandikwa jina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Udhuru wa kawaida ulikuwa kwamba hakukuwa na kumbukumbu. Kwa askari wa King's African Rifles huwezi kuuamini, maana jeshi lisiloandika majina ya askari wake haliwezi kuwalipa. Hata kwa wapagazi hausimami sawasawa. Oscar Watkins, aliyewaongoza wapagazi wa Kenya, aliwaandikisha ili walipwe, na baada ya vita kulizuka mabishano marefu ya kiserikali juu ya mishahara ya marehemu ambayo haikudaiwa na mtu, fedha nyingi, zilizobaki mikononi mwa serikali. Huwezi kubishania mshahara wa mtu usiye na jina lake. Daftari lilikuwapo, lilitumika pale hazina ilipotaka kujua inadaiwa nini, na halikutumika pale fundi wa mawe alipotaka kujua achonge nini.

Tangu ripoti ile Tume imekuwa ikitafuta majina katika nyaraka za Afrika, Kenya ikiwemo. Matokeo makubwa ya kwanza yameonekana Cape Town. Januari 2025, katika Bustani ya Kampuni katikati ya mji, Binti Mfalme Anne alizindua ukumbusho wa wafanyakazi weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika Vita Kuu wakilihudumia jeshi, wabeba mizigo, wachunga farasi na wajenzi wa njia, ambao wengi wao walifia katika kampeni ya Afrika Mashariki. Ni nguzo 1,772 za mbao za mvule, kila moja na jina la mtu mmoja na tarehe aliyokufa. Majina yalitoka katika daftari za vikosi zilizohifadhiwa Afrika Kusini, ambazo hazikuwahi kupotea. Miili yao haikutafutwa. Mingi imo huku kwetu, kati ya pwani na Ziwa Nyasa, katika mashamba ambayo wenyewe hawajui wanalima juu ya nani, na kazi ya kuyaoanisha majina hayo na mahali, hospitali kwa hospitali na kambi kwa kambi, bado haijakamilika.